Mchanga kwenye Gego

Mara sita Ashura alijirekodi akinadi dagaa wake pale ufukweni Katonga, na mara sita akaifuta video kwa aibu ya sauti inayotetemeka. Leo akaingia laivu, ili asiweze kufuta.

"Dagaa wangu nawaanika kichanjani. Hawana mchanga hata chembe," alisema, akatafuna mmoja mbele ya simu.

Kitu kikalia krr kwenye gego.

Jana gunia halikujaa, akalijazia dagaa wa jirani, walioanikwa chini mchangani.

Watu mia mbili walikuwa wakimtazama. "Dada, mbona umeacha kutafuna?" mmoja akaandika.

Mate yakamjaa. Akakinga kiganja, akatema, akakisogeza kiganja karibu na kamera.

"Jamani, tazameni vizuri," alisema, na sauti haikutetemeka.