Pete ya Karani

"Weupe wa pete ni ishara ya moyo safi," Mwalimu alisema, akaandika ubaoni. Darasa zima la kisomo cha watu wazima, pale Geita, likanakili.

Limi hakunakili. Aliirudia riwaya waliyokuwa wakiisoma darasani, kidole chini ya kila neno: mifuko ya mchanga wa dhahabu ya mjane imeibiwa, na karani aliyefunga ndoa juzi kwa pete ya dhahabu sasa ana pete nyeupe kidoleni.

"Mwalimu, karani ndiye mwizi."

Wanaume wa nyuma wakaangua kicheko. Mwaka jana tu huyu alikuwa anasaini kwa dole gumba!

"Dada Limi, karani ndiye anayemfariji mjane," Mwalimu alisema kwa upole. "Pete imegeuka kwa wema wake."

"Imegeuka kwa zebaki."

Limi akasimama, akanyoosha mkono wa kushoto. Pete yake ya ndoa ilikuwa nyeupe kama sufuria mpya.

"Hii nilivishwa ikiwa dhahabu. Nimechenjua mchanga kwa zebaki, kuitoa dhahabu, miaka kumi na moja, na zebaki ikiigusa pete ndivyo inavyokuwa. Karani amechenjua mchanga wa mjane."

Mwalimu, ambaye naye hakuwa amefika mwisho wa kitabu, akafunua sura ya mwisho, akasoma kimyakimya. Kisha akachukua dasta, akafuta sentensi yake ubaoni, akampa Limi kitabu.

"Tusomee wewe."

Limi akaweka kidole chenye pete chini ya neno la kwanza.

"Karani," akasoma, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma.