Kibanio cha Sikio la Makame

Siku hizi kila sikio linalotiwa kifaa cha kusikia huwa na sauti yake moja. Daktari anapokaza kibanio cha kifaa hicho kwenye kifupa cha ndani, mtu mmoja husimama kando akiliita jina la mgonjwa, na sauti hiyo ndiyo mgonjwa atakayoisikia vizuri kuliko zote mpaka afe.

Kwa Makame, mtu huyo alikuwa awe mkewe, Mwanakombo. Lakini kwa heshima, tangu aolewe, Mwanakombo alikuwa hajapata kumwita mumewe kwa jina. Alisimama pale kijasho kikimtoka, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Pandu." Mashine ya kunasa sauti ikakataa, ikataka jina. Basi muuguzi, Tatu, akaliita yeye, kwa wepesi tu, kama anayemwita mtoto mwenzake.

Mwaka wa pili huu. Tatu akipiga simu kuuliza hali ya sikio, Makame hujiweka sawa kitini, uso ukamchanua.

"Ana adabu yule binti," husema.

"Na mimi je?" huuliza Mwanakombo.

"Unasemaje?"

Leo Mwanakombo alijifungia jikoni, akaiigiza sauti ya Tatu, ile nyembamba ya kuvuta maneno, mpaka ikamkaa kooni. Kisha akatoka, akasimama nyuma ya mumewe, akalitamka jina lake kwa mara ya kwanza maishani.

"Makame."

Makame akageuka upesi, akitabasamu. Akamwona mkewe. Akainamisha kichwa kando, akachungulia nyuma yake, mlangoni.