Kabla Maji Hayajajaa

"Fungua mlango, mwanangu," dereva alisema. "Tunaingia kwenye magogo."

Binti aliyelala kiti cha nyuma alinyoosha mkono, akausukuma mlango wake. Dereva naye akafungua wa kwake. Ndivyo walivyofanya madereva wote wa msitu ule: juu ya magogo hupiti milango ikiwa imefungwa, maana gari likizama, tope halikupi nafasi ya kutafuta kitasa.

Magogo yale yalitandazwa zamani na watu waliokimbilia humo wakati wa vita. Kulia mikoko, kushoto mikoko, chini tope lisilo na mwisho. Bahari ikijaa, njia yote hufunikwa. Na zahanati ilikuwa ng'ambo.

"Baba, tutawahi?"

"Tutawahi. Wewe pumua tu."

Sauti ya mtoto ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Homa gani hii ya kumtafuna mtoto wa miaka sita kama mchwa? Alipeleka mkono nyuma, akamshika. Hata vidole vilikuwa vimevimba.

Akaurudisha mkono kwenye usukani. Breki hapana, ukikanyaga breki juu ya gogo lenye utelezi, umekwisha. Gari lilikwenda kimya, halingurumi hata kidogo. Alikuwa amelitunza gari lake, na leo nalo linamtunza.

Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikaingia kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Nani tena anapika katikati ya mikoko?"

"Wakata kuni hao, Baba. Angalia njia."

"Wewe unaumwa au unanifundisha kuendesha?"

Mtoto akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Kile kicheko kilimpa baba nguvu. Mtu anayecheka bado yupo.

Maji yakaanza kupanda. Aliyaona yakipenya kati ya mizizi, meusi, hayana haraka, kama mgeni anayejua hatafukuzwa. Gogo la mwisho lilikuwa limeshaanza kuelea. Moyo ukamwambia rudi, lakini pa kugeuzia hapakuwepo, na nyuma hapakuwa na dawa.

"Jishike, mama."

Akafumba macho, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Kimya.

"Baba," mtoto akasema polepole. "Tumevuka. Naiona zahanati, na nesi amesimama mlangoni."

Mabega yakamshuka. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kiganja.

"Nilikuambia tutawahi."

"Uliniambia, Baba. Na tuliwahi."

"Bibi!" sauti ya mwanamke ikaita kutoka jikoni. "Mzee kashavuka? Chakula kinapoa."

"Kashavuka," akajibu yule wa kiti cha nyuma. Akatafuta fimbo yake, akashuka kwa uangalifu kwa sababu ya goti, akayakwepa mawe yaliyolibeba gari tangu lilipotolewa magurudumu, akazunguka kwenda kumshika baba yake mkono.