Mafuta ya Mende

Mzee mwashi alijifungia stoo akatwanga pilipili kichaa kwa hasira, kama anayemtwanga mtu. Machozi yakamtoka, chafya zikampiga, hakuacha. Alipomaliza aliiloweka kwenye mafuta ya moto, akaichuja kwa kitambaa mpaka isibaki hata chembe, kisha akaikoroga ndani ya kopo la vaselini. Akaitazama. Rangi ya manjano ile ile ya kila siku.

"Leo nitakujua," alinong'ona.

Mende wake hawakuwa wale wa chooni. Aliwafuga ndani ya boksi kubwa la plastiki lenye trei za mayai, awalishe kware wake. Hawa walikuwa jamii ya wapandaji. Ukuta, plastiki, hata kioo, kwao ni barabara. Wavu wa juu uliwazuia wakubwa, lakini vitoto vyao vilipenya popote. Dawa ilikuwa moja: mkanda wa vaselini kuzunguka ukingo wote kwa ndani. Mende akifika hapo huteleza, akarudi chini alikotoka. Mzee aliupaka mkanda huo kwa kisu, ukanyooka kama lipu ya ukumbi. Siri yake hakumwambia mtu. Alijifunza mwenyewe, na atakayeitaka naye akasome.

Sasa kuna mtu alikuwa akiuharibu. Kila alipoamka kutoka usingizi wa mchana alikuta umechotwa kwa kidole. Jioni mende walikuwa kwenye sukari, kwenye viatu vya mwanawe na, jana, mbele ya wageni, kwenye kofia yake yeye mwenyewe. Mtaa mzima ulishamwita Bwana Mende, na wengine walimwitia dirishani.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikwisha kusema waziwazi kwamba nyumba ile ichague: yeye au mende.

"Anawafungulia makusudi," mzee alimwambia mkewe juzi. "Anataka nionekane nimechanganyikiwa."

"Nani, yule? Yule akiona mende anapanda juu ya kiti! Atausogelea mlango wa stoo?"

"Chuki humpa mtu ujasiri."

"Haya, mjuzi. Basi nigawie kidogo hiyo vaselini. Mende unawalisha mafuta, binadamu tukauke?"

"Ya nini?"

"Ya miguu."

"Miguu ilikuwapo kabla ya vaselini." Akafunga kopo kabatini, ufunguo akauvaa shingoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndivyo alivyokuwa, haambiliki, hasa kwa habari ya mwili wake. Hospitali hataki, dawa hataki, kushikwashikwa ndiyo kabisa. Na kwani alikosea? Visigino vyake vilivyopasuliwa na saruji, vilivyokuwa vikichana mashuka, vilikuwa vimelainika vyenyewe tangu astaafu. "Saruji imenitoka mwilini," alijisifu kwa wenzake.

Mchana ule mkewe alikuwa sokoni na mwanawe kazini. Walikula wawili tu, mzee na mkamwana, kila mmoja akiangalia sahani yake. Tayari mkanda mpya ulikuwa unang'aa stooni.

"Anayefungulia mende wangu," mzee alisema, akagonga meza hata bilauri zikaruka, "leo jua halizami hajajulikana. Na akijulikana, atafungasha. Halali tena chini ya paa nililolijenga kwa mikono yangu."

Mkamwana aliweka kijiko chini. "Baba, nitaje tu. Kuzunguka kote huko kwa nini?"

"Sitaji mtu. Mkono wake utamtaja."

"Na ukitaja mkono wa mwingine?"

"Huyo mwingine ataondoka."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa nani! Mimi nikiapa, nimeapa."

Mkamwana aliinuka. "Sawa, baba. Mimi naanza kukunja nguo, nisije nikaambiwa nimechelewesha watu."

Mzee aliingia chumbani kwake akajilaza, hasira ikimchemka kifuani. Hata hivyo hakunyimwa usingizi. Alikuwa mtu wa kulala usingizi wa pono; akishalala, ungeweza kumhamisha pamoja na kitanda.

Alizinduliwa na vurugu jikoni. Bomba lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho, maji yakianguka kwenye karai, na mtu akinyonya hewa kwa meno, "Ssss! Ssss!", kama aliyeshika kaa la moto.

Mzee akakaa wima. Furaha ilimpanda mpaka kooni. "Umenasa!" alinguruma. "Mkamwana! Wewe mkamwana! Fungasha!"

"Nimeshafungasha, baba."

Sauti haikutoka jikoni. Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, gauni lililokunjwa mikononi. Mikono yenyewe ilikuwa mikavu, imetulia.

Mzee aliitazama mikono ile. Ndipo alipousikia moto. Ulianzia kwenye visigino, ukaingia katika kila ufa wa zamani, ukapanda. Aliruka kutoka kitandani. Sakafu nayo ikawa kama bati la juani.

Mkewe, aliyekuwa amerudi sokoni yeye akiwa amelala, akaja mbio kutoka jikoni, karai kifuani, mikono imemwiva mpaka viganjani.

"Leta miguu, mzee wangu, leta upesi nikuoshe! Mafuta niliyokupaka leo si yale ya siku zote."

"Baba," aliuliza mkamwana taratibu, "hili sanduku nimpe nani?"