Dume wa Akika

Baba mkwe alikuwa ameshamlaza dume wetu mdogo wa kondoo kuelekea kibla, kisu mkononi. Mimi nilikuwa nimempakata binti yangu, mwenye akika.

"Baba, kondoo huyu tusimchinje, mbegu ya hapa kisiwani Juani itakwisha. Tuchinje yule mkubwa wa bara."

"Yule tuliyemvusha kwa mashua aje kutuzalishia? Mwanangu, darasa lako la jioni la ufugaji limekufundisha ulafi!"

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao.

Nikamwomba wifi yangu Husna alete ndoo ya maji ya kisimani, haya yetu yenye chumvi. Dume wa bara akanusa, akapiga chafya, akageuka. Mdogo, miguu imefungwa vilevile, akanyoosha shingo akanywa hata maji yakamwingia puani, mkia wake mnene ukichezacheza mchangani.

"Wazazi wake wamekunywa maji haya vizazi na vizazi," nikasema. "Tukimla leo, kondoo watakaozaliwa kwa yule wa bara watakunywa nini kiangazi?"

Baba mkwe akaitazama ndoo, akamtazama mjukuu wake. Kisha akakata kamba.

"Husna," akanong'ona, "mshike wa bara kabla hajasikia."