Kuku wa Mradi

Kufikia saa mbili asubuhi, kila kuku wa kijiji kile alikuwa amefungwa uzi mguuni. Kuku wa Shangazi walikuwa na uzi mwekundu, wa jirani yake uzi wa kijani, na wa mke wa seremala kitambaa cheupe kilichochanwa kwenye shuka. Bila hivyo, wanawake wasingejua jioni nani arudishiwe yupi.

Shangazi alikaza fundo la kumi na nane mpaka kuku akapiga kelele. Hakuwa na ugomvi na kuku. Aliyempandisha hasira ni mtoto wa kaka yake, ofisa maendeleo, aliyesimama pembeni na karatasi zake akielekeza matenga yapangwe wapi.

Kijiji kizima kilimwita Shangazi, lakini kwa kijana huyu alikuwa shangazi wa damu. Ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na mama yake. Ndiyo maana, miaka mitatu nyuma, kijana alipoleta habari za mradi wa kuku, Shangazi hakuuliza mara mbili. Alitoa shamba lake la mihogo, lile la kando ya barabara, likafyekwa lote. Banda likajengwa, refu, la bati jeupe, na bango la mlangoni likaahidi vifaranga elfu tano, mashine ya kutotolea na soko la uhakika. Bango likapauka kwa jua. Hata kifaranga mmoja hakufika. Kila alipouliza, aliambiwa mchakato unaendelea.

Sasa mwekezaji alikuwa njiani, tajiri kutoka nchi ya mbali, na ndani ya banda hamkuwa na hata unyoya.

"Ni kwa siku moja tu, Shangazi," ofisa alisema. "Makao makuu wakiona picha za mwekezaji ndani ya banda, watatoa awamu ya pili. Hapo vifaranga vitakuja kweli."

"Awamu ya kwanza ilikwenda wapi?"

Akajifanya hakusikia, akaita watu wabebe matenga.

Baadaye alimletea aproni mpya yenye maandishi ya mradi, akamweleza kazi yake: asimame katikati ya kuku, atabasamu, na akiulizwa aseme maisha yamebadilika. Shangazi aliivaa kimyakimya. Kimya hicho kilimtisha kijana kuliko matusi, maana alimjua. Akamshika mkono, akamwomba kwa sauti ya chini asimmwagie unga. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na mkuu wake wa idara si mtu wa kusamehe.

"Na mimi nilikuwa na mihogo," Shangazi alimjibu.

Magari matatu yaliingia saa tano. Walishuka mkuu wa idara, wapiga picha wawili, mkalimani na mwekezaji mwenyewe, mtu mnene ndani ya suti ya kijivu ambayo mikono yake ilimfika vidoleni. Mkuu wa idara alitangaza kwamba mgeni hajui Kiswahili hata kidogo, kwa hiyo maneno yote yapitie kwa mkalimani. Ikawa hivyo. Mgeni ananong'ona kidogo sikioni mwa mkalimani, naye mkalimani anamimina hotuba: mgeni amefurahi, mgeni ameona fursa, mgeni atajenga machinjio ya kisasa. Watu wakapiga makofi. Seremala akaguna kwamba leo hata majogoo wameambiwa wawike kwa zamu. Waliokuwa karibu wakacheka, na mgeni naye midomo ikamcheza kabla mkalimani hajafungua kinywa.

Ndani ya banda, mgeni aliinama akamwokota mtetea mmoja wa Shangazi. Hakumshika kwa ncha za vidole kama mtu wa ofisini. Alimpima kifua kwa kiganja, akamfunua jicho kwa kidole gumba, akamgeuza akamtazama chini ya mkia. Kisha akauona ule uzi mwekundu. Akautazama kwa muda, akamtazama na Shangazi.

Kamera zikainuliwa. Mkuu wa idara akamwambia Shangazi atoe neno moja tu.

Shangazi akamgeukia mkalimani. "Mwambie huyo kuku ni wangu, wale pale ni wa jirani yangu. Hapa hakuna mradi. Kuna bati na bango."

Akaendelea, akaeleza shamba lilivyofyekwa, vifaranga ambavyo havikuja, miaka mitatu ya kupigwa danadana. Mkuu wa idara alitoa kicheko kikavu, akawaashiria wapiga picha washushe kamera. Ofisa alikuwa akitazama viatu vyake. Mkalimani alifumba mdomo.

"Tafsiri," Shangazi alisema.

Mkalimani akatazama paa.

"Nimesema tafsiri. Mtu katoka kwao mbali, ana haki ya kujua kwamba anaingizwa mjini."

Basi Shangazi akaona kama mgeni hasikii, ataona. Akamkamata mkono wa suti, akamvuta katikati ya kuku, akawa anamwonyesha miguu mmoja baada ya mwingine: uzi mwekundu, uzi wa kijani, kitambaa cheupe. Kwa mara ya kwanza siku ile machozi yakamtoka. Katika watu wote wale, wa kumwokoa alikuwa huyu mmoja, na huyu hakuelewa neno.

Mgeni alimrudishia mtetea wake taratibu, akainamisha kichwa karibu na sikio lake.

"Dada, nimekuelewa kila neno," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Mimi nauza kuku sokoni, wilaya ya jirani; suti hii wamenivalisha leo asubuhi."