Ukungu Kwenye Kioo

"Hii nayo ina ukungu," baba alisema. "Mpira siuoni, mwanangu. Wamekuingiza mjini."

Fundi, mwanawe, aligeukia kioo, bisibisi mkononi. Televisheni mpya ilikuwa inang'aa ukutani, hata majani ya uwanja ungeweza kuyahesabu.

Mwaka mzima baba alikuwa akiilalamikia ile ya zamani, naye fundi kila mara alimjibu kwa majivuno ya ufundi wake: "Baba, hiyo ni televisheni ya bei chee. Nukta za kioo chake ni chache, haiwezi kutoa picha safi." Akaongeza mwanga, akabadilisha waya, akaifungua mgongo mara nne. Mzee alizidi kusogeza kiti mbele.

Sasa kiti kilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kioo. Fundi alichuchumaa, akaipa televisheni kisogo, na kwa mara ya kwanza akayatazama macho ya baba yake. Katikati ya kila mboni palikuwa na doa jeupe, zito kama maziwa yaliyoganda.

"Usivunjike moyo, fundi wangu," baba aliliambia bega la mwanawe, akilidhani uso. "Hebu ongeza mwanga kidogo."

Fundi alishika rimoti. Mwanga ulikuwa umeshafika mwisho.